Sura ya Saba: Bawa, Pua, Tumbo, Miguu

Asubuhi moja ufukweni Nchelenge, upande wa Zambia, akina mama walikuwa wakianika chisense, dagaa wa Ziwa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa. Ndege ndogo ikatokea upande wa kisiwa cha Kilwa, ikapita chini juu ya maji, ikaelekea kusini. Ilionekana kwa muda usiofika dakika mbili. Ilipopotea, watu wanne wakasimulia ndege nne. Mvulana alisema ilikuwa nyeupe. Kijana wa pikipiki alisema ilikuwa ya daktari. Mzee mvuvi alisema ilikuwa kubwa. Wa nne alikuwa mama muuza samaki aliyevuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo, mji wa upande wa Kongo, naye akasema kwa Kiswahili chake cha Katanga: “Iko na bawa juu, injini moja, miguu tatu, na tumbo kubwa chini. Haikukuwa ile ya juzi.”

Sura hii naiandika kwa ajili ya macho kama ya mama yule. Hakujua jina la ndege hata moja. Lakini kati ya wanne wale, maneno yake peke yake ndiyo ambayo fundi wa ndege angeweza kuyafanyia kazi. Rangi hupakwa upya. Ukubwa hudanganya, kwa kuwa juu ya maji hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. “Ya daktari” ni dhana. Ila bawa juu, injini moja, magurudumu matatu na tumbo lililotuna: kwa maelezo hayo fundi yeyote wa ukanda huu angeanza na Cessna Caravan iliyofungwa sanduku la mizigo tumboni.

Watu wa hapa wana haki ya kuzungumzia chombo hiki kama chao. Katika Kibemba, ndege wa manyoya ni icuni, lakini ndege ya chuma ni indeke, neno letu la Kiswahili lililosafiri hadi ziwani likabaki na kazi moja tu, kutaja chombo cha angani. Wenye neno hilo wanastahili pia maarifa yanayoendana nalo.

Kwanza umbo, jina baadaye

Mtu anayeanza kutambua ndege hukimbilia jina. Afadhali ajizuie. Jina ni hitimisho, na hitimisho likitangulia, macho huona kile ambacho kichwa kimekwisha kuamua. Fuata mpangilio uleule kila mara: bawa, injini, mkia, miguu.

Bawa liko juu ya kiwiliwili au chini yake? Lina mhimili wa mshazari unaolishikilia, au limejishikilia lenyewe? Injini ni ngapi, na ziko wapi? Mkia umelala chini kama wa kawaida, au kipande cha mlalo kimepandishwa juu kabisa ukawa kama herufi T? Miguu imening'inia muda wote, au imekunjwa? Na gurudumu dogo liko puani au mkiani?

Maswali hayo machache yanapunguza sana orodha. Cessna 172, 182 na 206 za kawaida zina bawa la juu lenye mhimili na miguu isiyokunjwa. Cessna 210 ni ndugu yao, lakini miguu yake hukunjwa, na zile zilizotengenezwa tangu toleo la mwaka 1967 hazina mhimili. Pilatus PC-12, mojawapo ya ndege za madaktari wa Amref wanaoruka kutoka Nairobi, ina bawa la chini, injini moja, mkia wa T na ncha za mabawa zilizokunjwa kuelekea juu. Britten-Norman Islander, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965, ina injini mbili chini ya bawa la juu na miguu ya kudumu. Ukishika maumbo haya matano au sita, umeshika sehemu kubwa ya ndege ndogo za Afrika Mashariki na ya Kati.

Halafu kuna herufi za usajili. 9J ni Zambia, 9Q au 9S ni Kongo, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Kabla ya uhuru wa Zambia mwaka 1964, ndege za huku zilianza na VP-R. Ziandike kila unapoziona, lakini usizipe kazi zisiyoiweza. Herufi zinataja nchi ilikosajiliwa ndege. Hazisemi imetoka wapi asubuhi hiyo, wala nani yuko ndani, na zinafutika kwa brashi ya rangi.

Joto, udongo na bawa

Ukishajua umbo la asili, ndipo unaweza kuona kilichobadilishwa. Hapo kuna siri itakayokusaidia zaidi ya picha elfu: kila badiliko ni jibu la shida fulani. Ijue shida ya mahali, utajua pa kutazama.

Shida ya kwanza ya Mweru ni hewa yenyewe. Uso wa ziwa uko mita 900 na ushee juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 30, hewa hutanuka na kuwa nyepesi, kiasi kwamba ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye mita 1,700 hivi. Propela inauma hewa kidogo, bawa linabeba kidogo, injini inavuta pumzi hafifu. Rubani aliyepaa kwa raha alfajiri huhitaji uwanja mrefu zaidi saa nane mchana, kwa ndege ileile na mzigo uleule. Weka hapo kiwanja kifupi cha udongo chenye miti mwishoni, utaelewa kwa nini wenye ndege huku hutumia fedha nyingi kwenye mabawa.

Siku moja nilisimama chini ya bawa la Cessna 206 nikiwa na uhakika kwamba haijaguswa tangu itoke kiwandani. Fundi hakubishana nami. Alinishika kiganja akakipitisha juu ya bawa, nyuma kidogo ya ukingo wake wa mbele. Nikahisi meno. Vipezi vidogo vya chuma, vifupi kama ukucha, vilikuwa vimegandishwa kwa safu kuanzia karibu na kiwiliwili hadi nchani, kila kimoja kimekaa mshazari kidogo. Kwa macho, kutoka hatua kumi, nilikuwa nimeviona kama vivuli vya ribiti.

Kazi ya vipezi hivyo ni kuvuruga hewa kwa makusudi. Ndege inapopunguza mwendo na kuinua pua, hewa iliyogusana na bawa huchoka, huachana na bawa, na bawa huacha kubeba. Kila kipezi husokota kimbunga kidogo kinachovuta hewa yenye nguvu kutoka juu na kuishusha kwenye ngozi ya bawa. Hewa inaganda pale muda mrefu zaidi, na ndege inaweza kutua polepole zaidi. Ukiwa mbali, tafuta mstari wa vitone kwenye mwanga wa asubuhi au wa jioni, jua linapolala. Saa sita mchana hutaviona.

Dalili ya pili ni ukingo wa mbele ulionenepeshwa. Baadhi ya kampuni hutengeneza ganda linalovishwa juu ya ukingo wa asili ili uwe wa duara zaidi. Ukitazama kwa ubavu, bawa linaonekana limevimba mdomo, na kuna mshono unaokimbia urefu wote. Ya tatu ni kuta ndogo za bati zilizosimama wima juu ya bawa, moja au mbili kila upande, zinazozuia hewa isiteleze kuelekea nchani. Ya nne ni ncha zilizoinama chini kama kiganja kinachokinga mvua. Ukiona mbili au tatu kati ya hizi pamoja, umeona ndege iliyofundishwa viwanja vifupi, na huenda ina jina la Robertson, Horton au Sportsman kwenye hati zake. Kuna pia Cessna 182 za Peterson zenye vibawa viwili vya ziada puani, karibu na propela. Hiyo ukiiona mara moja huwezi kuisahau.

Lakini hapa pana mtego. Kodiak, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2004 na iliyobuniwa kwa kuzingatia kazi za wamisionari, ina ukingo wa bawa uliokatika katikati: sehemu ya nje imechomoza mbele kama ngazi. Mgeni atasema imebadilishwa. La, imezaliwa hivyo. Asiyejua asili hawezi kutambua badiliko.

Pua inayotaja mafuta

Shida ya pili ni mafuta. Injini za pistoni za ndege ndogo hunywa petroli maalumu ya ndege, na petroli hiyo ni ya shida na ghali mno ndani ya bara letu. Injini za tabaini hunywa mafuta ya jeti, yaleyale yanayojazwa kwenye ndege kubwa, hivyo hupatikana kila penye uwanja wa maana. Ndiyo sababu mojawapo ya Caravan, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1982, kuenea kutoka Zanzibar hadi Kasai. Ndiyo sababu pia wapo waliong'oa pistoni kwenye Cessna 206 na 207 wakaweka tabaini.

Badiliko hilo husomeka puani. Pua ya pistoni ni fupi na pana, ina matundu mawili ya hewa kushoto na kulia kwa propela. Tabaini ni nyembamba na nyepesi, kwa hiyo husogezwa mbele ili mizani ya ndege isiharibike. Pua inakuwa ndefu, imechongoka, na bomba nene la moshi linachomoza. Ukiona kiwiliwili cha 206 chenye uso mrefu wa korongo, umeshajua.

Na Caravan nazo hubadilishwa moyo. Ya kawaida ina injini ya PT6 na propela ya mapanga matatu. Baadhi zimewekewa injini ya Honeywell ya nguvu farasi 900 na propela ya mapanga manne. Hesabu mapanga injini ikiwa imezimwa, kisha tazama yamekaaje. Ya PT6 yakilala huwa yamegeuza makali mbele, kama kisu kilichoelekezwa kwako. Ya Honeywell huachwa yakiwa bapa, yamekuonyesha uso mzima. Sababu iko ndani: kwenye PT6 propela haijaunganishwa moja kwa moja na kiini cha injini, kwa hiyo injini huweza kuwashwa hata mapanga yakiwa yamejikunja. Kwenye Honeywell vyote huzunguka pamoja tangu sekunde ya kwanza, na mapanga bapa hupunguza uzito wa hewa wakati wa kuwasha. Hata kipofu angezitofautisha uwanjani: hii ya pili hupiga ukelele mkali ikiwa bado imesimama.

Tumbo, miguu na mlango

Shida ya tatu ni mzigo, na jibu lake ni lile tumbo aliloliona mama wa Kilwa: sanduku refu linalofungwa chini ya kiwiliwili. Ya nne ni matope na mawe, nayo hujibiwa kwa matairi manene na kuondolewa kwa vikombe vya kufunika magurudumu, maana udongo wa masika hujaa humo ukazuia tairi kuzunguka. Ya tano ni kazi yenyewe. Ndege ya kupiga ramani ina tundu la kamera tumboni. Ndege ya kutafuta madini, kazi inayofahamika vyema katika nchi za shaba za Zambia na Katanga, huweza kubeba mwiba mrefu unaochomoza mkiani. Mwiba huo hubeba kipimo cha usumaku, kikiwekwa mbali na vyuma vya ndege ili visikichanganye.

Kuna sehemu moja ya Cessna 206 ambayo ningependa kila mvuvi wa ziwa hili aijue, kwa sababu inaweza kuokoa mtu. Mlango wa rubani uko kushoto. Kulia, nyuma ya bawa, kuna mlango wa mizigo wenye vipande viwili. Flapu, yaani vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa, zikishushwa, kama zinavyoshushwa wakati wa kutua, kipande cha mbele cha mlango hugonga flapu na hakifunguki vizuri. Hapo ni kufungua kipande cha mbele kadiri kinavyokubali, kisha kuingiza mkono, kugeuza mkono wa kufungulia wa kipande cha nyuma na kukisukuma nje. Ndege ikitua majini, watakaofika kwanza ni wenye mitumbwi. Kwao kuitambua 206 kwa mbali maana yake ni kujua upande wa kuelekeza mtumbwi.

Mabadiliko yote haya, yakifanywa kihalali, huwa na karatasi. Kila aina ya ndege ina cheti kinachoeleza ilivyobuniwa, na kila nyongeza kubwa hutakiwa kuwa na cheti cha ziada. Macho yako ya ufukweni na karatasi ya ofisini vinapaswa kusema jambo moja. Visipokubaliana, mtu ana swali la kujibu.

Dornier mbili

Bara letu limeona ndugu wawili wa kiwanda kimoja cha Ujerumani waliobadilishwa kwa makusudi yanayopingana, na hadithi yao inaonyesha kwa nini kutambua ndege na mabadiliko yake ni zaidi ya burudani.

Wa kwanza ni Dornier Do 27: injini moja, bawa la juu lisilo na mhimili, gurudumu dogo mkiani. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliileta Serengeti kuhesabu wanyama. Waliipaka milia ya pundamilia, na usajili wake ulikuwa D-ENTE. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alianguka nayo akafa, baada ya ndege kugongana na tai. Amezikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na baba yake naye baadaye akalazwa hapo. Filamu yao ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Wa pili ni Do 28, iliyozaliwa kutokana na yule wa kwanza. Haifanani na ndege nyingine: bawa liko juu, lakini injini mbili hazikuning'inia bawani. Zimekaa kwenye vibawa vifupi vilivyotoka ubavuni karibu na pua, na miguu mikuu imeshuka chini ya injini hizohizo. Ni kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Mwaka 1961 Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, ilijipatia Do 28 kwa jeshi lake la anga. Pweto na Kilwa, pwani ileile inayotazamana na Nchelenge, zilikuwa nchi ya Katanga. Ndege za kiraia kama Dornier na De Havilland Dove zilibadilishwa huko ziweze kudondosha mabomu. Dove ilitofautika kwa urahisi, kwa bawa lake la chini na nundu ya chumba cha rubani. Ndege ya jeti ya Fouga Magister ilitofautika zaidi, kwa mkia wake wa herufi V.

Walioona Ndola

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya DC-6 iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, iliizunguka Katanga kwa upande wa mashariki, ikashuka kusini kwenda Ndola ambako angekutana na Tshombe. Ilianguka msituni ikiwa karibu kutua. Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja tu, Harold Julien, alipatikana hai, naye akafa siku chache baadaye.

Usiku ule msituni kulikuwa na wachoma mkaa. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege ya pili, ndogo, au mwanga na moto angani kabla ya ndege kubwa kuanguka. Tume ya serikali ya kikoloni ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland haikuyapa maneno yao uzito, ikahitimisha kuwa ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikufunga mlango. Miaka zaidi ya 50 ikapita.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimpa Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kazi ya kuongoza jopo la kuutazama ushahidi upya, na baadaye akaendelea nayo mwenyewe kwa miaka mingi. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1961 walisikilizwa. Ushahidi wao kwamba ndege angani ilikuwa zaidi ya moja ulipewa uzito. Na maswali yaliyoshughulikiwa yalikuwa ndiyo haya ya sura yetu: Katanga ilikuwa na ndege gani, Dornier ilifika lini, ilikuwa imebadilishwaje, ingeweza kushambulia usiku?

Hukumu ya mwisho haijatolewa. Lakini mimi nasoma kesi hiyo kwa uchungu wa aina moja. Mchoma mkaa aliyesema “niliona ndege ndogo” alionewa mara mbili: kwanza kwa kudharauliwa kwa sababu ya alivyokuwa, pili kwa kukosa mtu wa kumuuliza vizuri usiku ukiwa bado mbichi. Bawa lilikuwa juu au chini? Ulisikia mngurumo au mluzi? Mkia ulikuwaje? Maswali hayo hayahitaji shule. Yanahitaji mwulizaji anayeamini kwamba aliyesimama mbele yake ana macho.

Kwa hiyo ukiona ndege, sema au andika haraka: saa, ilikotoka na ilikoelekea, bawa, injini, mkia, miguu, sauti, kisha kisicho cha kawaida. Jina weka mwisho, au uliache. Ukiulizwa baada ya miaka 50, maelezo ya sehemu yatasimama hata kama jina ulilotaja halikuwa sahihi.

Siku ile ya chisense nilimfuata yule mama kwenye beseni zake. “Mama, nani alikufundisha kutazama ndege hivi?”

Akacheka, akaniita papa, kama wanavyomwita mwanamume wa heshima kwao. Akanyoosha mkono ziwani, ambako mitumbwi ilikuwa bado vitone. Anayekuwa wa kwanza kuukuta mtumbwi majini ndiye anayenunua kwanza, akasema, na mtumbwi wenye samaki huketi chini zaidi nyuma. “Njo vile tunajuaka mitumbwi, papa. Mbele ya kuona mutu, unaangalia namna inaikala.”

Kisha akaacha kuzungumza nami, akashika beseni lake. Kitone kimoja kule mbali kilikuwa kimeketi chini nyuma.